Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Mashindano Makuu ya Michezo na Hatima ya Miji ya Wastani

Utangulizi

Methali "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hutajwa sana katika hafla za makaribisho, na aghalabu hutajwa kwa adabu tu, pasi na kupimwa. Hata hivyo, ndani ya methali hiyo mna dai la kiuchumi. Mgeni anapobisha hodi, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani waliokuwa wamesahau ladha ya kitoweo hupata angaa mchuzi. Ujio wa mgeni, kwa hivyo, ni tiba ya mwenyeji. Methali haituelezi kuku huyo alikuwa wa nani, wala haituambii nyumba hiyo ilikula nini wiki iliyofuata.

Kila serikali inapoomba idhini ya kuandaa mashindano makuu ya michezo hutoa dai lilo hilo kwa lugha ya takwimu. Wananchi huelezwa kwamba watalii watafurika, ajira zitapatikana, barabara zitatiwa lami na jina la mji litavuma duniani. Makala haya yanadhamiria kulipima dai hilo kwa kuangazia mwenyeji wa aina moja mahususi, yaani mji wa wastani. Jiji kubwa mithili ya London lina hoteli, treni na viwanja hata kabla ya mgeni kubisha, na likipata hasara huweza kuimeza. Kijiji nacho hakiombwi kamwe kuandaa chochote. Mji wa wastani ndio ulio hatarini zaidi, maadamu uwanja mmoja tu unatosha kuipinda bajeti yake kwa muda wa kizazi kizima.

Suala hili linatuhusu kwa karibu. Mnamo Septemba 2023, Shirikisho la Kandanda Barani Afrika (CAF) lilizitunuku Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2027, na mwaka uliofuata miji ya kadiri ya Arusha na Hoima ikaanza kujengewa viwanja. Kabla ya kuifikia miji hiyo, tutakwenda kusini kidogo, kwa sababu huko karamu ilikwisha kitambo na hesabu zake zinaweza kusomwa bila pupa.

Mwenyeji ni nani?

Wapo wanaolieleza neno "mwenyeji" kuwa ni muunganiko wa "mwenye" na "mji". Kazi ya kuithibitisha asili hiyo tutawaachia wanaisimu historia. Kwetu inatosha kwamba maelezo hayo yanazua swali ambalo ripoti za serikali hulikwepa: mwenye mji ni nani?

Chukua sentensi "Mji utanufaika." Mwanafunzi yeyote wa sintaksia anajua kwamba kiima cha sentensi si lazima kiwe ndicho kinachoguswa na tendo katika ulimwengu halisi. Mji hauna mfuko wa kutilia pesa. Wenye mifuko ni mwenye hoteli, mwanakandarasi, mwenye teksi, mama anayeuza chakula kando ya kituo cha basi, karani wa manispaa na mlipa ushuru. Huenda watatu miongoni mwao wakafaidika na watatu wakapata hasara, na sentensi ile ikabaki sahihi kisarufi. Ndiyo sababu tafiti nyingi za wanauchumi kuhusu mashindano haya hazikubaliani na makadirio yanayotolewa na waandalizi kabla ya mashindano. Makadirio huhesabu fedha zinazoingia mjini. Tafiti za baadaye huuliza zilitoka wapi, ziliishia kwa nani, na zingefanya nini kama mashindano yasingekuwapo.

Nelspruit, mwaka wa 2010

Nelspruit, ambao siku hizi huitwa Mbombela, ni makao makuu ya mkoa wa Mpumalanga nchini Afrika Kusini. Uko takriban kilomita 330 mashariki mwa Johannesburg, karibu na Mbuga ya Kruger, katika eneo la mashamba ya machungwa na misitu ya mbao. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia la mwaka wa 2010, mji huu ulikuwa mmojawapo wa miji 9 iliyoteuliwa, na mmojawapo wa ile iliyokuwa midogo zaidi. Haukuwa na timu kubwa ya kandanda. Ukajengewa uwanja wa kuketisha zaidi ya watu 40,000 kwa takriban randi bilioni 1.

Ni uwanja wa kupendeza, na hilo halina budi kusemwa. Paa lake limeshikiliwa na nguzo 18 zenye umbo la twiga, na viti vyake vimepangwa kwa rangi nyeusi na nyeupe mithili ya milia ya punda milia. Katika Kombe la Dunia, mechi 4 zilichezewa hapo, zote za makundi: Chile dhidi ya Honduras, Italia dhidi ya New Zealand, Australia dhidi ya Serbia, na Kodivaa dhidi ya Korea Kaskazini. Ya kwanza ilichezwa tarehe 16 Juni na ya mwisho tarehe 25 Juni. Tukiacha dakika za nyongeza, huo ni mchezo wa saa 6.

Palipojengwa uwanja palikuwa na wenyewe. Ardhi ilikuwa mali ya jamii ya Matsafeni, iliyoirejeshewa baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Manispaa iliipata kwa bei ya randi 1. Sijakosea kuandika: randi moja. Suala hilo lilipofikishwa mahakamani, jaji aliyelisikiliza aliyafananisha mapatano hayo na yale ya wakoloni waliowapa wenyeji vifungo na vioo wakatwaa ardhi zao. Baadaye manispaa ikalazimika kuafikiana upya na jamii hiyo kwa malipo ya mamilioni ya randi.

Katika eneo hilo palikuwa pia na shule mbili, moja ya msingi na nyingine ya upili. Majengo yake yalitwaliwa ili ujenzi uendelee, nao wanafunzi wakahamishiwa madarasa ya muda yaliyoundwa kwa mabati, yenye joto lisilovumilika. Ahadi ya shule mpya ilikawia hadi wanafunzi wakaandamana, na polisi wakatumwa kuwatawanya. Wakati huo huo, baadhi ya majirani wa uwanja huo wa randi bilioni 1 waliishi bila maji ya mfereji wala umeme. Kisha, mnamo Januari 2009, Jimmy Mohlala, aliyekuwa spika wa baraza la manispaa na ambaye alikuwa amefichua madai ya ukiukaji wa kanuni katika zabuni ya uwanja, alipigwa risasi nyumbani kwake akafa.

Tumesimulia mambo haya kwa urefu kwa sababu katika ripoti ya faida na hasara hayana safu yake. Darasa la mabati haliingii katika mizani ya mapato ya utalii. Ukimwuliza mwanafunzi aliyesomea humo iwapo mji wake ulinufaika, atakuuliza wewe una maana ya mji upi.

Safari ya fedha

Tuchukulie sasa kwamba hapakuwa na ardhi ya mtu wala shule, na kila zabuni ilitolewa kwa haki. Je, fedha zilizoingia zingetosha kumponya mwenyeji?

Jambo la kwanza ni kwamba mgeni humfukuza mgeni. Juni na Julai ni miezi ya kiangazi baridi katika Mpumalanga, wakati nyasi zimenyauka na wanyama hukusanyika kwenye visima vya maji, na kwa hivyo ni msimu mzuri wa kuzuru Kruger. Mtalii aliyezoea kwenda huko kila mwaka akisikia kwamba vyumba vimepanda bei na barabara zitajaa mashabiki, huahirisha safari. Mwenye hoteli humpata shabiki wa Italia na humpoteza mtazamaji wa ndovu. Katika hesabu za waandalizi, yule wa kwanza huandikwa na yule wa pili husahaulika. Isitoshe, kampuni iliyopewa na FIFA jukumu la malazi ilikuwa imeweka nafasi za vyumba vingi kote nchini, na miezi michache kabla ya mashindano ikarudisha maelfu yake baada ya kubainika kwamba wageni hawangefika kwa wingi uliotarajiwa. Makadirio ya awali yalikuwa ya wageni zaidi ya laki nne. Hesabu ya serikali yenyewe, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka wa 2010, ilionyesha takriban wageni 310,000 waliozuru nchi nzima kwa ajili ya mashindano, wakatumia randi bilioni 3.64. Kiasi hicho ni cha miji yote 9, na kinakaribia gharama ya viwanja vichache tu vya aina ya Mbombela.

Jambo la pili ni kwamba fedha nyingi huhama tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Mkazi wa Nelspruit aliyenunua tiketi ya bei ya chini kabisa iliyotengewa raia, randi 140, hakuumba randi 140 mpya. Labda wiki hiyo hakwenda kula nyama choma na jamaa zake, au hakumnunulia mtoto viatu. Mwenye bucha na mwenye duka la viatu walipoteza, nayo FIFA ikapata. Hapo ndipo lilipo jambo la tatu, yaani uvujaji. Wanauchumi husema kwamba shilingi inayotumika mjini huzunguka: mteja humlipa mpishi, mpishi humlipa muuza mboga, naye muuza mboga humlipa mwenye nyumba. Lakini mzunguko huo hutegemea shilingi kubaki. Mapato ya tiketi, ya matangazo ya runinga na ya wadhamini hayakuzunguka Nelspruit. Yaliondoka. Serikali ilikuwa imeipa FIFA na washirika wake msamaha wa ushuru, na katika kipindi cha miaka minne kilichoishia 2010 shirikisho hilo lilijikusanyia mapato ya zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani.

Na yule mama muuza chakula? Kanuni zilizopitishwa katika miji ya mashindano ziliweka maeneo maalum kuzunguka viwanja ambamo ni bidhaa za wadhamini tu zilizoruhusiwa. Wachuuzi wengi walisukumwa mbali na milango ambayo mashabiki walipitia. Kwa maneno ya methali yetu, kuku alichinjwa, lakini watoto wa nyumbani walizuiwa mlangoni.

Hatudai kwamba hakuna aliyepata. Wanakandarasi walipata, na vibarua wa ujenzi walipata mishahara ya miezi kadhaa, ingawa waligoma kote nchini mnamo Julai 2009 kudai nyongeza. Tunachodai ni kwamba uchumi wa Nelspruit, kabla na baada ya mwaka wa 2010, umesimama juu ya mambo mengine: matunda, mbao, wageni wa Kruger, na barabara kuu ya kuelekea bandari ya Maputo inayopita papo hapo mjini. Barabara hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kutiwa vituo vya malipo miaka mingi kabla ya mpira kupigwa, kwa sababu malori yalihitaji kupita. Malori hayo yanapita kila siku na hayajawahi kuhitaji sherehe ya ufunguzi.

Ya tatu mpe jembe

Waswahili, baada ya kumkaribisha mgeni, walijiwekea kinga: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mashabiki huondoka kabla ya siku ya tatu, hivyo hawana neno. Mgeni anayebaki ni uwanja. Hula umeme, hunywa maji, huhitaji kukatwa nyasi na kupakwa rangi, na huendelea kuwapo hata kama hakuna anayecheza. Swali ambalo kila mji wa wastani unapaswa kujiuliza kabla ya msingi kuchimbwa ni iwapo upo jembe la kumpa mgeni huyu.

Uwanja wa Mbombela haukukaa bure kabisa, na ni dhuluma kuuita gofu. Ulitumika katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2013, japo nyasi zake zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba Ghana na Burkina Faso zilicheza nusu fainali kwenye mchanga. Timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini imecheza hapo mara kadhaa. Mnamo Agosti 2022 iliishinda New Zealand alama 26 kwa 10, na mnamo Julai 2025 ikacheza na Georgia. Siku kama hizo vyumba hujaa na mikahawa huchangamka. Siku za namna hiyo, hata hivyo, huhesabika kwa vidole katika mwaka wenye siku 365.

Tulinganishe na Manchester, Uingereza. Mji huo ulipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2002, uwanja mkuu ulijengwa ukiwa tayari na mpangaji. Klabu ya Manchester City ilikuwa imekubali kuhamia humo baada ya michezo. Mara tu wanariadha walipoondoka, njia ya kukimbilia iling'olewa, sakafu ikachimbwa chini zaidi, viti vikaongezwa kutoka takriban 38,000 hadi 48,000, na mwaka wa 2003 klabu ikaingia. Jembe lilikuwa limenolewa kabla ya mgeni kufika.

Mfano unaotuvutia zaidi sisi watu wa vyuo ni wa Lillehammer, nchini Norwe, mji mdogo uliokuwa na watu wapatao 25,000 ulipoandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka wa 1994. Watalii waliotabiriwa kuendelea kumiminika baada ya michezo hawakufika kwa idadi iliyotabiriwa, na hoteli kadhaa zilizojengwa kwa tamaa hiyo zilifilisika. Lakini jumba kubwa lililotumiwa na wanahabari wa redio na televisheni liligeuzwa kuwa chuo. Wanafunzi hukodi vyumba, hula, hununua vitabu, na tofauti na mashabiki, hurudi kila muhula kwa miaka mingi. Lillehammer ingeweza kujenga chuo bila ya Olimpiki, naam. Ila kama karamu ilikuwa lazima iliwe, basi afadhali sahani zitumike tena.

Mgeni wa siku moja: Mombasa, 2007

Pwani yetu inatupa mfano wa namna nyingine. Tarehe 24 Machi 2007, Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia, kwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki. Hakukujengwa uwanja. Mbio zilifanyiwa katika uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari, kwenye nyasi zilizokuwapo tangu zamani. Joto na unyevunyevu wa Machi uliwatesa wakimbiaji hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hajashindwa katika mbio hizo kwa miaka mitano, akajitoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Asbel Kiprop na Linet Masai waliwapa Wakenya dhahabu katika mbio za chipukizi. Kwa siku moja, umati uliofurika uliona kwa macho yake kile ambacho kwa kawaida huonekana runingani kutoka Ulaya.

Faida ya Mombasa ilikuwa ndogo, na gharama ilikuwa ndogo vilevile. Huo ndio usawa ambao Nelspruit iliukosa. Hoteli za Nyali na Diani zilikuwapo, zikiwa zimejengwa kwa ajili ya watalii wa kila mwaka. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa Machi kaskazi inaelekea kwisha, masika yanabisha, na vyumba huanza kubaki wazi. Kwa hivyo mgeni aliyekuja hakumsukuma nje mgeni mwingine. Ni vigumu kusema kwamba maisha ya mkazi wa Likoni au Kisauni yalibadilika kwa sababu ya siku ile. Ila hakuachiwa deni la uwanja mpya.

Uzoefu mwingine wa Kenya ni wa mgeni asiyefika. Nchi yetu ilikuwa imepewa uenyeji wa mashindano ya CHAN ya mwaka wa 2018, na viwanja vya Eldoret na Meru vilikuwa katika orodha ya vile vilivyopaswa kutengenezwa. Mnamo Septemba 2017, CAF iliunyakua uenyeji huo kwa sababu matayarisho yalikuwa nyuma, ikaipa Moroko. Lingechukuliwa kuwa ni pigo kwa miji hiyo miwili. Lakini mtu anaweza kuuliza: ikiwa Eldoret, mji wa wanariadha ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, ulihitaji uwanja mzuri, kwa nini haja hiyo ingojee CHAN? Wanariadha walikuwapo kabla ya CHAN na wapo baada yake. Penye haja ya kweli, mashindano ni kisingizio cha kuharakisha tu. Pasipo na haja, hakuna mashindano yanayoweza kuizua.

Waliofunga mlango

Katika miaka ya karibuni imezuka tabia ambayo zamani ingeonekana kuwa utovu wa adabu: wenyeji kughairi. Durban ilipewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 2022, kisha mnamo Machi 2017 ikapokonywa baada ya serikali kutotimiza ahadi za kifedha. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikubali kuandaa michezo ya mwaka wa 2026, si katika jiji la Melbourne bali katika miji ya wastani ya Geelong, Ballarat, Bendigo na mingine. Nia iliyotangazwa ilikuwa hiyo hiyo tunayoijadili: kuiponya miji ya wastani. Julai 2023 serikali ya jimbo ikajitoa, ikieleza kwamba gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 2.6 za Australia ingepita bilioni 6. Ilibidi ilipe fidia ya dola milioni 380, na mkaguzi wa hesabu wa jimbo baadaye alikadiria kwamba hasara yote ilizidi milioni 589, kwa karamu ambayo haikuliwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: siku ile ile ya kujitoa, serikali iliahidi kuipatia miji hiyo dola bilioni 2 za nyumba, viwanja na shughuli za utalii. Ikiwa nyumba ziliweza kuahidiwa bila ya michezo, basi michezo haikuwa ndiyo sababu ya nyumba. Ilikuwa mwavuli tu. Glasgow ya Uskoti, iliyoichukua nafasi hiyo, iliamua kupunguza michezo iwe 10 na kutumia viwanja 4 ambavyo tayari ilikuwa navyo. Ni mwenyeji aliyemwambia mgeni: karibu, lakini tutakula kilichopo.

Je, furaha haina thamani?

Msomaji anaweza kutulaumu kwamba tumeyapima mambo yote kwa pesa, ilhali binadamu haishi kwa mkate pekee. Lawama hiyo ina uzito. Wapo wanauchumi waliokubali kwamba faida iliyo dhahiri zaidi ya mashindano makuu si mapato bali ni furaha na fahari za wakazi. Mtoto aliyeshuhudia mechi ya Kombe la Dunia katika mji wake, ambao jana haukujulikana ng'ambo, hataisahau, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba kumbukumbu hiyo ni hasara.

Tunalikubali hilo, kwa sharti moja. Furaha ikiwa ndiyo bidhaa inayonunuliwa, basi itangazwe kwa jina lake na kwa bei yake. Arusi ni jambo la furaha, na hakuna anayeifanya kwa kutarajia faida. Lakini pia hakuna mzazi mwenye busara anayeuza shamba ili kugharamia arusi kisha akawaambia jirani zake kwamba ni uwekezaji. Kinachokera katika lugha ya kuomba uenyeji ni kule kuivisha arusi kanzu ya biashara. Wananchi wakiambiwa wazi kwamba sherehe hii ya majuma manne itagharimu kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho kingejenga zahanati kadha wa kadha, huenda bado wakachagua sherehe. Watakuwa wamechagua wenyewe.

Arusha na Hoima

Ombi la Kenya, Uganda na Tanzania lilipewa jina la Kiswahili, "Pamoja". Kwetu sisi wapenzi wa lugha ni jambo la kujivunia. Gharama, hata hivyo, haziwi za pamoja kwa sababu jina ni la pamoja. Uwanja wa Arusha, uliokusudiwa watu wapatao 30,000, utabaki Arusha, na ule wa Hoima, wa watu wapatao 20,000, utabaki Hoima.

Miji hii miwili ina mambo ya kuiombea heri. Viwanja vyake ni vidogo kuliko kile cha Nelspruit. Arusha ina hoteli zilizojengwa kwa ajili ya watalii wa Serengeti na Ngorongoro, na wajumbe wa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako huko. Hoima ina uwanja wa ndege ulio karibu na visima vya mafuta ya Bunyoro, uliojengwa kwa sababu ya mafuta wala si kandanda. Kwa upande mwingine, Arusha si Dar es Salaam, yenye Simba na Yanga za kujaza viti kila juma. Na ikiwa mechi zitachezwa Juni na Julai, hicho ndicho kipindi ambacho watalii huja kaskazini mwa Tanzania kwa wingi. Yatatokea yale yale ya shabiki na mtazamaji wa ndovu.

Kwa hivyo yapo maswali ambayo diwani wa Arusha au wa Hoima anaweza kuyauliza sasa, wakati majibu bado yana manufaa. Ni klabu ipi imetia saini kuutumia uwanja baada ya fainali, na itamlipa nani kodi? Nyasi zitamwagiliwa maji kutoka wapi wakati wa ukame, na bili itapelekwa kwa manispaa au kwa wizara? Shule na vyuo vya karibu vitaruhusiwa kuingia kwa masharti gani? Waliohamishwa ili kupisha ujenzi, kama wapo, wamelipwa kiasi gani, na waliafikiana kwa hiari? Siku ya mechi, mama muuza chapati atasimama umbali wa hatua ngapi kutoka mlangoni?